Uwanja Ni Amana, Si Pato la Halmashauri

Kila mwaka, kati ya mwezi Januari na Machi, mabaraza ya madiwani nchini huketi kupitisha makisio ya mapato na matumizi ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Ni vikao vizito, na mwananchi anayevifuatilia hapotezi muda wake, maana humo ndimo linamokatwa shauri la zahanati ipi iezekwe, barabara ipi ichongwe, na soko lipi litozwe ushuru wa kiasi gani. Lakini mwananchi huyo akiomba kitabu cha makisio na kutafuta humo fungu la utamaduni na michezo, itambidi afunue kurasa nyingi kabla ya kuliona. Na akiliona, aghalabu atakuta limebeba mafuta ya gari, karatasi za ofisi, na safari ya kupeleka wanafunzi kwenye mashindano ya UMITASHUMTA.

Hatuandiki haya kwa kejeli. Tumewahi kukaa katika vikao hivyo, kwenye viti vya nyuma, na tunajua uzito wa kuchagua kati ya dawa na ngoma. Diwani anayesema zahanati kwanza hana kosa. Kosa lipo katika kuamini kwamba hivyo ni vitu viwili vinavyogombana. Na liko kosa lililo kubwa zaidi, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo, nalo ni lile la halmashauri kugeuza mahali pa watu pa kukutania kuwa chanzo cha mapato.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Katika wilaya moja tuliyopata kufanya kazi, palikuwa na kiwanja kikubwa kandokando ya mji mdogo. Alasiri, watoto wakitoka chuoni na misahafu yao mikononi, walipitia hapo kucheza mpira kabla ya kurudi kwa mama zao. Siku ya Idi palijaa wauza ubuyu na bembea za mbao. Usiku wa Maulidi palitandikwa mikeka. Timu za kata zilimalizia ligi yao hapo, na vyama vyote vya siasa, chetu na vya wengine, vilihutubia hapo. Chini ya mwembe uliokuwa upande wa magharibi muuguzi wa zahanati alitundika mizani yake mara moja kwa mwezi, akapima uzito wa watoto na kuwachanja, kwa sababu akina mama walikuwa wamepazoea na hawakuona haya kufika.

Halmashauri ikahitaji fedha. Ikaamua kujenga fremu za maduka upande unaotazama barabara. Wazee walipouliza, wakajibiwa kwamba uwanja utabaki palepale, ila utakuwa umezungukwa na maendeleo. Safu ya kwanza ikajengwa. Wapangaji wakahitaji choo, kikajengwa. Ikaja safu ya pili. Magoli yakahamishwa mara moja, kisha mara ya pili. Malori yanayoshusha saruji na sukari yakahitaji mahali pa kugeuzia. Mwembe ukakatwa kwa kuwa matawi yake yalikuwa yanagusa bati. Tulipopita hapo baada ya miaka michache, kilichobaki kilikuwa uchochoro wenye madimbwi ya mafuta machafu, na baadhi ya fremu zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa makufuli kwa kukosa wapangaji. Watoto walikuwa wakicheza mpira barabarani.

Jambo la kutia majonzi ni kwamba ukitafuta muhtasari wa kikao kilichoamua kukiua kiwanja kile, hutaupata. Hakuna diwani aliyenyoosha mkono kusema kife. Kila kikao kiliamua jambo dogo lenye sababu yake, nacho kikafa katikati ya sababu hizo.

Wapo watakaosema kuwa huo ni uzembe wa halmashauri moja. La hasha. Msomaji na atazame mji anaoishi, ahesabu viwanja alivyochezea utotoni, kisha ajiulize ni vingapi bado vina nyasi.

Ni haki pia tuseme kwa nini halmashauri zimefikia hapo, maana lawama bila ya sababu haifundishi kitu. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na ilifutwa kwa haki, kwa sababu ilikuwa imegeuka kuwa mateso kwa maskini. Lakini pamoja nayo halmashauri ziliondokewa na pato lao la kale. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukatwa kwa njia ya luku. Ushuru wa mazao nao ulipunguzwa mwaka 2017. Kila moja ya hatua hizo ina hoja yake, na nyingine zilimpa mkulima nafuu ya kweli. Hata hivyo, Mkurugenzi anaendelea kudaiwa makusanyo, na OR-TAMISEMI imekuwa ikitangaza majina ya halmashauri zilizoongoza na zilizoburura mkia katika mapato ya ndani. Mtu anayepimwa kwa ushuru atatazama kila kilicho mbele yake kwa jicho la ushuru. Akiona nyasi, ataona fremu. Hatujapata kusikia orodha inayotangaza halmashauri iliyolinda viwanja vingi kuliko wenzake.

Katika upande wa matumizi, halmashauri hufungwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa asilimia 4, 4 na 2. Sharti hilo liliingizwa katika sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018. Utekelezaji wake ulikuwa na dosari nyingi kiasi kwamba mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tunaitaja kwa sababu inatufundisha jambo: kilichoandikwa katika sheria, hata kikitekelezwa kwa kuchechemea, hujadiliwa, hukaguliwa na kuulizwa. Kisichoandikwa hufa kimya. Wapiga ngoma, waimbaji wa kaswida, wachezaji wa bao, wasomaji wa maktaba na watoto wanaotaka mahali pa kukimbia hawakuandikwa popote.

Nchi yetu haikuanza hivyo. Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa lolote. Baraza la Kiswahili likaundwa mwaka 1967, na mwaka huo huo, tarehe 9 Desemba, ikafunguliwa Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Yote hayo ni ya kujivunia. Lakini ni ya makao makuu. Roho ya taifa, kama ilivyo roho ya mtu, haikai kichwani peke yake.

Katika ngazi ya chini, mambo yalikwenda mrama mwaka 1972, zilipovunjwa halmashauri na madaraka yakapelekwa mikoani chini ya watumishi wa Serikali Kuu. Nia ilikuwa kumkaribia mwananchi. Matokeo yake ni kwamba miji ilikosa mwenyewe. Taka zilikaa, mifereji iliziba, na kipindupindu kilipozuka katika nusu ya pili ya muongo ule, ilidhihirika kuwa mji hauwezi kuongozwa na mtu asiyewajibika kwa wakazi wake. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na kwa Sheria Namba 7, 8 na 9 za mwaka 1982 zikarudi halmashauri zote, za wilaya na za miji, pamoja na utaratibu wa fedha zao. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984 yakaziweka katika ibara ya 145 na 146, ambamo imeelezwa wazi kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Chama kilikosea, kikakubali, kikarekebisha. Hatuoni haya kulisema hilo, maana ndivyo kada alivyofundishwa.

Ila waliporudi madiwani, walirudi na kumbukumbu ya taka na kipindupindu, na wakaielewa kazi yao kuwa ni mitaro, madarasa na zahanati. Utamaduni ukaachiwa ofisa mmoja mwisho wa korido. Ofisa huyo leo, katika halmashauri nyingi, hufanya kazi mbili zinazoonekana. Ya kwanza ni kutoa vibali vya sherehe na kuhakikisha muziki unazimwa saa iliyoandikwa. Ya pili ni kutafuta vikundi vya ngoma anapokuja kiongozi. Wazee wanaojua mdundo uliorithiwa kwa vizazi husimamishwa juani tangu saa tatu hadi saa nane, hupiga kwa dakika tano gari likiingia, kisha hupewa soda. Sisi makada tumeshiriki katika jambo hilo mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Mkoa wetu wa Tanga una sababu za pekee za kulitafakari jambo hili. Hapa Machui ndipo alipozikwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Hapa vilivuma vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila ikasikika pwani yote. Hapa zilivuma Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Hakuna halmashauri iliyowaumba watu hao, na mtu asidhani tunataka diwani atunge mashairi. Lakini watu hao walikulia katika mitaa iliyokuwa na mabaraza, viwanja na kumbi, ambamo kijana aliweza kumsikia aliyemzidi, akamuiga, akashindana naye. Mtaa uliojaa fremu hadi ukutani humfundisha kijana kununua na kuuza tu. Nako kununua kwenyewe, kwa asiye na kazi, huishia kwenye kibanda cha kubeti.

Katika miaka ya karibuni mpango wa Tanga Yetu, uliofadhiliwa na shirika la Fondation Botnar la Uswisi, ulielekeza fedha kwenye ustawi wa vijana wa Jiji la Tanga. Tunawashukuru wahisani, kwani asiyeshukuru kidogo hata kingi hashukuru. Lakini wahisani wana kalenda yao. Kijana wa Ngamiani akihitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya sarakasi baada ya fedha za mgeni kwisha, mlango atakaobisha ni wa halmashauri yake, na afadhali kuwe na mtu ndani.

Tumekwisha kusema kwamba zahanati na ngoma havigombani. Ushahidi wetu mkubwa ni wa mwaka 1973. Mwaka huo iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini na mitaani kusikiliza redio pamoja, kusoma kitabu pamoja, kisha kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Dawa haikuwa na sehemu kubwa katika kampeni ile. Mtaji wake ulikuwa watu kuketi pamoja. Waliketi chini ya miti, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, kwenye kumbi na viwanja. Wizara ya Afya imelifufua jina hilo katika miaka ya karibuni, na imefanya vema. Tunachouliza ni hiki: kampeni ikifika mtaani, watu watakutania wapi?

Hali kadhalika kwa maradhi ya siku hizi. Shinikizo la damu na kisukari si maradhi ya mabwana wakubwa tena. Yamewafikia wauza genge na mafundi cherehani. Mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya kuwahimiza wananchi kufanya mazoezi. Wananchi wameitika. Amka alfajiri katika mji wowote mkubwa siku ya Jumamosi, utaona vikundi vya joging vikiimba na kupiga makofi, wazee kwa vijana, akina mama wamejifunga kanga juu ya suruali za michezo. Ni utamaduni mpya uliozaliwa bila ya kuagizwa na ofisi yoyote. Lakini wanakimbia juu ya lami, kando ya mabasi, kwa sababu viwanja vilivyokuwa karibu nao vimekwisha.

Mahali ambapo watu wamepata pa kukutania, mambo makubwa hutokea hata pasipo fedha nyingi. Kule Kisesa, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, hufanyika kila mwaka, karibu na mwezi Juni, sherehe za Bulabo. Wagika na Wagalu hushindana kucheza, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji kwa ustadi na maajabu, na maelfu hufika. Ngoma ya Bulabo ilishika mizizi chini ya kanisa na kwa juhudi za Padri David Clement, si chini ya halmashauri. Hatulisemi hili kwa wivu. Tunalisema kwa sababu msingi wake ni rahisi: ardhi iliyotengwa, inayojulikana na watu wote, ambayo hakuna mtu anayeamka asubuhi akafikiri kuijengea maduka. Dar es Salaam nako upo Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliotokana na mchango wa mfanyabiashara wa mkonge, George Arnautoglu, katika miaka ya 1950. Tajiri wa zama za mkoloni aliweza kutoa ukumbi kwa watu. Itakuwaje halmashauri ya watu wenyewe ishindwe hata kuhifadhi kiwanja kisicho na paa?

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda shule ya serikali tulifundishwa mapema tofauti ya mali na amana. Mali waweza kuiuza. Amana unaishika kwa niaba ya mwingine, na siku ya kuulizwa utaulizwa. Watu wa pwani wamejua tangu zamani maana ya wakfu: mtu huweka shamba au nyumba, manufaa yake yakaendelea baada ya yeye kufa, na asiweze mrithi kuligawa. Sheria ya nchi yetu haiko mbali na fikra hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaiweka halmashauri ya kijiji katika nafasi ya mdhamini anayesimamia ardhi kwa manufaa ya wanakijiji. Mijini, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imezifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji, yaani zenyewe ndizo zinazochora ramani na kutenga maeneo ya wazi. Mlinzi wa uwanja ndiye huyo huyo anayetamani kuujenga. Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa jambo hili, na ndiyo maana haliwezi kuachwa mikononi mwa wataalamu peke yao.

Na hapa hatuna budi kuanza na nyumba yetu. Viwanja vikubwa vya michezo katika miji mingi, Mkwakwani hapa Tanga, Kirumba kule Mwanza, Sokoine kule Mbeya, viko mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi. Katika zama za chama kimoja, mchango wa mwananchi kwa Chama na kwa taifa ulikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyetenganisha risiti. Zama hizo zilikwisha mwaka 1992. Hatutaki kufungua hapa kesi ya umiliki. Lakini kada anayemkemea Mkurugenzi kwa kuzungushia uwanja fremu, aende kwanza akatazame kuta za viwanja vya Chama chake na kuhesabu maduka yaliyoegeshwa hapo. Kisha aulize ni siku ngapi kwa mwaka mtoto wa mtaa wa jirani huruhusiwa kuingia kucheza bila ya kulipa.

Kwa hiyo basi, tunachowaomba madiwani si kikubwa, wala hakingoji sheria mpya. Kabla ya kupitisha makisio yajayo, kila halmashauri ipate daftari la maeneo yake ya wazi, kumbi zake na maktaba zake, kata kwa kata, likionyesha ukubwa, mipaka na hali ya kila moja. Yapimwe na kuwekewa alama, kwa sababu jibu la kwamba kiwanja hakina hati tumelisikia mara nyingi, na mwenye wajibu wa kutafuta hati hiyo ni yule yule anayelitoa. Pendekezo lolote la kujenga juu ya eneo hilo, hata liwe la choo cha wapangaji, lipelekwe kwanza kwenye mkutano wa wananchi wa mtaa au kijiji husika, lisomwe kwa sauti, na kura zihesabiwe. Fedha nazo zitengwe, hata zikiwa kidogo, za kufyeka nyasi, kuchimba kisima, kuweka taa mbili na kumlipa mlinzi. Ofisa utamaduni apewe kazi ya kuwakutanisha watu, si ya kuwazimia muziki tu.

Zipo halmashauri zitakazosema hazina uwezo wa kupima maeneo yote kwa mwaka mmoja. Tunakubali, maana upimaji ni ghali na wapima ni wachache. Zianze basi na daftari lenyewe, ambalo gharama yake ni karatasi na miguu ya watendaji wa kata. Nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, mahali ambapo mzee anayejua mwembe ulikuwa upande gani ataweza kuisoma na kusema kama mpaka umesogezwa.